VICTOR HUGO NA MTU ALIYERUDI KUFA

Wengi wetu tumepata kusikia habari za Askofu Myriel, yule mzee aliyempokea nyumbani kwake mfungwa aliyetoka kifungoni, Jean Valjean, akampa chakula na kitanda. Usiku mgeni akaiba vyombo vya fedha, na asubuhi askari walipomrudisha, Askofu akawaambia kwamba vyombo vile amempa yeye mwenyewe, tena akamwongezea vinara viwili. Hadithi hiyo imesimuliwa sana katika mahubiri, hata wako wanaodhani kuwa ni habari ya kweli. Imetoka katika kitabu kikubwa kiitwacho Les Misérables, kilichotolewa mwaka 1862, na mwandishi wake ni Mfaransa Victor Hugo.

Mwezi huu tunapenda kusimulia maisha ya mwandishi huyo, lakini tutaingia kwa mlango ambao si wengi wanaoupitia. Maana kabla ya kitabu kile kikubwa, kabla hata hajaota ndevu vizuri, Victor Hugo aliandika kitabu kidogo kiitwacho Bug-Jargal, na shujaa wa kitabu hicho ni Mwafrika.

Victor Hugo alizaliwa tarehe 26 Februari 1802 katika mji wa Besançon, mashariki ya Ufaransa. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho, ndugu zake wakiwa Abel na Eugène. Baba yake, Léopold Hugo, alikuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, akapanda cheo mpaka akawa jenerali. Mama yake, Sophie Trébuchet, alikuwa mzaliwa wa Nantes, bandari iliyotajirika sana kwa biashara ya watumwa. Wazazi hawa hawakupatana. Mume alimtumikia Napoleon, naye mke alitamani wafalme wa zamani warudi. Watoto wakawa wanavutwa huku na huku, mara Paris kwa mama, mara Italia na Hispania kwa baba.

Mwaka ule aliozaliwa ulikuwa mwaka mbaya kwa watu weusi katika makoloni ya Ufaransa. Serikali ya mapinduzi ilikuwa imekomesha utumwa mwaka 1794, lakini mwaka 1802 Napoleon akaurudisha. Jeshi alilolipeleka Saint-Domingue, kisiwa cha miwa na kahawa kilichokuwa koloni lenye utajiri kuliko yote ya Ufaransa, lilishindwa na watumwa wa jana. Tarehe 1 Januari 1804 sehemu ile ya kisiwa ikatangazwa kuwa nchi huru, ikaitwa Haiti. Basi kijana Hugo alikua katika miaka ambayo jina la Saint-Domingue lilitamkwa Ufaransa kwa uchungu na kwa hofu. Wakulima wakubwa waliokimbia kutoka huko walikuwa bado hai, wakisimulia mali waliyoipoteza na nyumba zilizochomwa. Ya watumwa waliokufa mashambani hawakuyasimulia.

Jambo jingine la utoto wake lilimkaa moyoni. Mama yake alimficha nyumbani, huko Paris, jenerali mmoja aitwaye Lahorie, aliyekuwa adui wa Napoleon na tena baba wa ubatizo wa Victor. Mtu huyu aliishi kwa siri mwisho wa bustani, akawafundisha watoto kusoma Kilatini. Akakamatwa mwaka 1810, na mwaka 1812 akapigwa risasi. Victor alikuwa na miaka 10. Chuki yake juu ya adhabu ya kifo, ambayo hakuiacha mpaka anaingia kaburini, huenda mzizi wake mmojawapo uko hapo.

Shuleni alikuwa mwepesi mno. Akiwa na miaka 15 alipeleka shairi katika mashindano ya Chuo cha Lugha ya Kifaransa, kile kiitwacho Académie française, akatajwa kwa sifa. Mwaka uliofuata, 1818, ndipo alipoweka dau kwamba anaweza kuandika kitabu kizima katika siku 15. Yeye mwenyewe alieleza hivyo baadaye, katika dibaji ya mwaka 1832. Dau lile ndilo lililozaa Bug-Jargal. Hadithi ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1820 katika gazeti dogo, Le Conservateur littéraire, ambalo yeye na ndugu zake walikuwa wamelianzisha. Kisha akaifumua, akairefusha, na mwaka 1826 ikatoka kama kitabu. Jina lake hakulitia. Aliandika tu kwamba ni kazi ya mwandishi wa Han d'Islande, hadithi yake nyingine ya ujana.

Sasa tusimulie yaliyomo, maana bila hayo maneno yetu mengine yatakuwa bure.

Maofisa wa Kifaransa wamekaa kambini usiku, na kila mmoja anapaswa kusimulia kisa cha maisha yake. Zamu inamfikia Kapteni Léopold d'Auverney, mtu mwenye huzuni nyingi, ambaye daima anafuatwa na mbwa kilema aitwaye Rask. Anaanza kusimulia habari za Saint-Domingue, alikolelewa na mjomba wake mwenye mashamba na watumwa 800. Kijana alikuwa amechumbia binti wa mjomba huyo, Marie. Usiku, sauti ya mtu asiyemjua ilisikika bustanini ikimwimbia Marie, naye d'Auverney akawaka wivu. Kumbe mwimbaji alikuwa mtumwa wa shamba lile lile, ambaye wenzake walimwita Pierrot, mtu mrefu, mwenye nguvu na heshima, ambaye watumwa wengine walimwinamia bila yeye kuwaamuru.

Siku moja mamba alimvamia Marie kando ya mto. Aliyemwokoa ni Pierrot, aliyemshika binti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamsukumia yule mamba sururu kinywani. Siku nyingine mwenye shamba alitaka kumwadhibu mtumwa aliyeharibu kijiti chake cha waridi. Pierrot akaingia kati, akataka apigwe yeye badala ya mwenzake. Kwa kosa hilo alitiwa gerezani, na kosa la mtumwa kumzuia bwana wake adhabu yake ilikuwa kifo. D'Auverney akamwendea gerezani, akamwombea asamehewe, na tangu hapo mtumwa yule akamwita ndugu.

Arusi ya d'Auverney na Marie ikapangwa tarehe 22 Agosti 1791. Msomaji anayejua historia ya Haiti ataona mara moja kwa nini mwandishi alichagua siku hiyo, maana usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti 1791 ndipo watumwa wa uwanda wa kaskazini walipoasi kweli kweli. Mashamba yakachomwa, mabwana wakauawa. D'Auverney anamwona Pierrot akikimbia katikati ya moto, amembeba Marie mikononi, na mbwa Rask akiwa amebeba kwa meno kitanda cha mtoto mchanga wa mjomba. Anadhani mke wake ameibwa. Kumbe ameokolewa.

Pierrot huyo ndiye Bug-Jargal, mmoja wa wakuu wa waasi. Tena ni mwana wa mfalme wa Kakongo. Kakongo si jina la kubuni. Ni ufalme uliokuwapo pwani, kaskazini ya mahali mto Kongo unapoingia baharini, na watu wengi wa huko walichukuliwa utumwani na merikebu za Ulaya.

D'Auverney mwenyewe anatekwa na mkuu mwingine wa waasi, Biassou, ambaye ni mtu wa kweli wa historia. Hugo amemchora kuwa mkatili na mwenye hila. Katika kambi hiyo yuko pia Habibrah, mbilikimo aliyekuwa mchekeshaji wa yule mwenye mashamba, ambaye amelipiza kisasi kwa kumwua bwana wake. D'Auverney amehukumiwa kufa. Bug-Jargal anakuja, anamtaka, naye Biassou anamwachia kwa saa chache tu, baada ya kumwapisha kwa siri kwamba atarudi kabla jua halijatua. Bug-Jargal anampeleka pangoni, anamkuta Marie mzima. Jioni d'Auverney anamwacha mkewe na kurudi kwenye kifo, kwa kuwa ametoa neno lake.

Asilolijua ni kwamba Bug-Jargal naye ametoa neno lake. Alikuwa ametekwa na wazungu. Waliposikia kwamba d'Auverney amekwisha kuuawa, walitaka kumpiga risasi, naye akaomba ruhusa aende kumwokoa rafiki yake kwanza. Wenzake 10 wakawekwa rehani. Asiporudi kwa wakati, watauawa hao badala yake. Anafika kandoni mwa shimo kubwa, anamwokoa d'Auverney mikononi mwa Habibrah aliyetaka kufa naye, kisha anaiona bendera nyeusi mlimani. Ndiyo ishara kwamba saa imefika. Akakimbia. Wale 10 walikuwa wamekwisha kupangwa mbele ya bunduki alipofika, akasimama mahali pao, akapigwa risasi. Rask, mbwa wake, aliumizwa hapo akijaribu kumfikia. D'Auverney alifika akiwa amechelewa. Marie naye hakuishi sana, alikufa katika moto wa mji wa Cap. Ndipo sisi wasomaji tunapoelewa huzuni ya kapteni yule na sababu ya kumpenda mbwa kilema.

Katika hadithi ya kwanza ya 1820, Marie hayumo, wala Habibrah. Ilikuwa habari ya wanaume wawili tu, mweupe na mweusi, na ahadi mbili. Mapenzi yaliongezwa baadaye, labda kwa kuwa wanunuzi wa vitabu waliyapenda. Kwa maoni yetu kiini hakikuhitaji nyongeza hiyo.

Tusimpambe kijana huyu kupita kiasi. Alikuwa bado mfuasi wa wafalme, mtoto wa mama yake. Kisiwa hakukijua, hakupata kwenda huko maishani mwake. Aliyoyaandika aliyapata kwa wasafiri na kwa vitabu, kama vile kumbukumbu za Jenerali Pamphile de Lacroix zilizochapishwa mwaka 1819. Waasi wake wengi ni watu wa kuchekesha au wa kutisha, wanaofanya dini kama mchezo. Kwa nini watu hawa waliasi, baada ya kuchapwa na kufanyizwa kazi mpaka kufa, hilo amelipitia haraka. Mtu mweusi mwema katika kitabu ni mwana wa mfalme, kana kwamba mtumwa wa kawaida hawezi kuwa na moyo mkuu.

Hata hivyo hakuwafumbia macho wazungu. Ameandika juu ya mwenye shamba aliyejisifu kwamba amesimika vichwa 50 vya watumwa pande mbili za njia ya kwenda nyumbani kwake. Ameeleza hesabu ya ajabu iliyotumika kisiwani kumgawa mtu katika sehemu 128, ili ijulikane ni ngapi nyeupe na ni ngapi nyeusi. Na yuko bwana mmoja ajisifuye kuwa rafiki wa watu weusi, ambaye akibanwa anaua wenzake ili aokoe ngozi yake. Tena kumbukeni wakati. Mwaka 1825, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, Mfalme Charles wa 10 alikubali uhuru wa Haiti kwa sharti la kulipwa faranga milioni 150, fidia ya wale waliopoteza mashamba. Yaani aliyeibiwa jasho lake alitakiwa amlipe aliyemwibia. Deni hilo, ingawa lilipunguzwa kuwa milioni 90 mwaka 1838, liliielemea Haiti vizazi kwa vizazi. Katika hewa ya namna hiyo, kumweka Mwafrika mwasi kuwa mtu bora kuliko wote kitabuni halikuwa jambo dogo.

Turudi kwa Hugo mwenyewe. Mama yake alikufa mwaka 1821, na mwaka uliofuata, tarehe 12 Oktoba, alimwoa Adèle Foucher, jirani wa utotoni, ambaye mama hakumtaka. Siku ya arusi ndugu yake Eugène, aliyempenda msichana yuyo huyo, alishikwa na wazimu. Hakupona tena, akafa hospitalini mwaka 1837. Mtoto wao wa kwanza aliishi miezi michache tu, kisha wakaja Léopoldine, Charles, François-Victor na Adèle mdogo. Sifa zikaongezeka. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha siku ya mwisho ya mtu aliyehukumiwa kifo, mwaka 1830 mchezo wa Hernani uliozusha ugomvi ukumbini, na mwaka 1831 Notre-Dame de Paris, ambacho kiliwafanya Wafaransa walitazame upya kanisa lao kuu lililokuwa limeachwa kuchakaa. Katika kitabu hicho mpiga kengele Quasimodo ni kilema wa umbo kama Habibrah, lakini safari hii mwandishi amempa moyo wa upendo. Alikuwa anajifunza.

Nyumbani mwake hapakuwa na amani. Mke wake alimpenda mtu mwingine, naye tangu mwaka 1833 alikuwa na Juliette Drouet, mwigizaji, aliyekaa naye kwa miaka 50. Wala hakutosheka na huyo. Mwaka 1845, muda mfupi baada ya mfalme kumtia katika baraza la juu la nchi, alifumaniwa na mke wa mtu. Yeye cheo chake kilimkinga, akaenda zake. Mwanamke akatiwa gerezani. Tunalitaja kwa kuwa mtu huyu aliyeandika juu ya wanaorudi kufa kwa ajili ya wenzao hakurudi siku ile.

Msiba mkubwa kuliko yote ulimpata tarehe 4 Septemba 1843. Binti yake Léopoldine, mwenye miaka 19, aliyekuwa ameolewa mwezi Februari mwaka ule ule, alizama katika mto Seine huko Villequier pamoja na mume wake. Baba alikuwa safarini akitoka Hispania na Juliette. Alipata habari baada ya siku 5, kwa kusoma gazeti katika mkahawa mjini Rochefort. Kwa miaka mingi hakutoa kitabu kipya.

Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulikomeshwa mara ya pili, na ya mwisho, tarehe 27 Aprili 1848, kwa bidii ya Victor Schœlcher hasa. Mwaka huo Hugo aliingia Bungeni. Alikuwa bado upande wa matajiri, lakini kila mwaka ulimsogeza karibu na maskini, na mwezi Septemba alisimama kutaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Tarehe 2 Desemba 1851 Louis Napoleon, mpwa wa yule Napoleon wa kwanza, alipoipindua katiba, Hugo alijaribu kuwaamsha watu wa Paris wampinge. Hawakuamka wa kutosha. Akakimbilia Brussels na pasi ya mfanyakazi mmoja, kisha kisiwa cha Jersey, na alipofukuzwa huko mwaka 1855 akahamia Guernsey. Uhamisho huo ulidumu karibu miaka 19. Mwaka 1859 walisamehewa wote warudi, yeye akakataa kurudi kabla uhuru haujarudi.

Huko kisiwani ndiko Bug-Jargal aliporudi kumwamsha, ikiwa tunaruhusiwa kusema hivyo. Mwaka 1859 huko Marekani John Brown, mzungu aliyeshika silaha ili kuwakomboa watumwa, alihukumiwa kunyongwa. Hugo akaandika barua kwa Wamarekani kuwaomba wasimwue, na barua ikachapishwa katika magazeti ya Ulaya. Ilikuwa na tarehe 2 Desemba, na siku hiyo hiyo John Brown alinyongwa. Mhariri mmoja wa Port-au-Prince, huko Haiti, akamwandikia kumshukuru, na mwezi Machi 1860 Hugo akamjibu kwa heshima na upendo, akiisifu nchi yake. Alitaka kusema kwamba roho za wanadamu wote ni sawa mbele za Mungu. Lakini rangi aliyozipa roho hizo zote ni nyeupe. Hatudhani alijua alichokisema. Mazoea ya lugha humtoka mtu hata akiwa na nia njema.

Miaka miwili baadaye kikatoka Les Misérables. Wasomaji wanakumbuka kwamba Jean Valjean, baada ya kubadilika na kuwa meya anayeheshimiwa, anasikia kwamba mtu mwingine, Champmathieu, amekamatwa akidhaniwa kuwa ndiye yeye. Akinyamaza tu, amesalimika maisha. Anahangaika usiku kucha, kisha anakwenda mahakamani na kujitaja. Jambo hilo tumeshalisoma. Ni yule mtu anayekimbia kushuka mlimani ili wenzake 10 wasife badala yake. Na katika hadithi yake ndefu ya mwisho, Quatrevingt-treize ya mwaka 1874, mzee Lantenac aliyekwisha kuponyoka anarudi ndani ya ngome inayoungua kuwaokoa watoto watatu, ingawa anajua atashikwa. Kijana wa miaka 16 alilipata wazo hilo katika majuma mawili ya dau, akalivika mwili wa Mwafrika, na mzee wa miaka 72 hakuwa ameliacha.

Huko Guernsey alianza, mwaka 1862, kuwalisha watoto maskini mezani pake kila juma. Lakini watu wake mwenyewe walichoka na kisiwa. Binti yake Adèle alitoroka kumfuata ofisa wa Kiingereza asiyemtaka, akavuka bahari mpaka Kanada na baadaye Barbados, akapotewa na akili. Mwaka 1872 aliyemrudisha kwa baba yake alikuwa mwanamke mweusi wa kisiwa kile, aliyemhurumia barabarani na kumtunza. Binti yule aliishi katika nyumba ya wagonjwa wa akili mpaka mwaka 1915. Hugo, aliyekuwa amerudi Paris tarehe 5 Septemba 1870 utawala wa Louis Napoleon ulipoanguka, alikuwa ameshafiwa na mke mwaka 1868 na mwanawe Charles mwaka 1871. François-Victor alimfuata mwaka 1873.

Sasa tumefika mahali ambapo tungependa kupapita, lakini haifai. Tarehe 18 Mei 1879 huko Paris, katika karamu ya ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa, Schœlcher akiwa kiongozi wa mkutano, Victor Hugo aliombwa kuzungumza. Alikuwa na miaka 77, naye aliheshimiwa kama babu wa taifa. Alizungumza juu ya Afrika. Alisema kwamba bara hili halina historia. Aliwahimiza watu wa Ulaya walichukue, kwa kuwa kwake lilikuwa halina mwenyewe. Wajenge miji na barabara, wawalete maskini wao wapewe ardhi. Aliongeza kwamba iwe kwa jembe na si kwa bunduki, kwa undugu na si kwa vita. Alipigiwa makofi.

Mtu anajiuliza yule mwana wa mfalme wa Kakongo alikuwa wapi siku hiyo. Maana mwandishi aliyempa baba mwenye kiti cha enzi, na nchi, na kumbukumbu ya nchi, alijua akiwa na miaka 16 kwamba Waafrika walikuwa na wenyewe. Wako wanaomtetea kwa kusema alinena kama watu wote wa wakati wake. Hatukubali sana. Juu ya adhabu ya kifo, juu ya John Brown, juu ya maskini, hakunena kama watu wote. Tunadhani ni rahisi zaidi kumpenda mtu mmoja mweusi katika hadithi kuliko kukiri kwamba mamilioni ya watu wana haki ya ardhi yao. Alimwona Mwafrika alipokuwa mtumwa wa Mfaransa. Alipokuwa mwenye nyumba kwake, hakumwona. Miaka mitano na nusu baada ya hotuba ile, mwezi Novemba 1884, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana Berlin kuwekeana kanuni za kulichukua bara hili, wakamaliza tarehe 26 Februari 1885. Ilikuwa siku Victor Hugo alipotimiza miaka 83.

Hakuishi kuyaona yaliyofuata. Aliugua mapafu mwezi Mei, akafa Paris tarehe 22 Mei 1885. Katika wosia wake aliwaachia maskini faranga 50,000, akataka apelekwe makaburini katika gari la maiti la watu fukara. Alikataa sala za makanisa yote, ila aliomba kila mtu amwombee, naye alikiri kwamba anamwamini Mungu. Askofu Mkuu wa Paris alikuwa tayari kuja kitandani pake, hakuitwa. Serikali iliitoa Panthéon katika matumizi ya kanisa ili azikwe humo. Tarehe 1 Juni jeneza lilitoka chini ya lile lango kubwa la ushindi, Arc de Triomphe, watu zaidi ya milioni moja wakiwa barabarani, wengine wamelala nje usiku ule ili wapate nafasi. Maua yalijaza magari mengi yaliyotangulia. Nyuma yake lilikuja gari dogo jeusi la mafukara, bila mapambo ila mataji mawili madogo ya maua meupe, yaliyotoka kwa wajukuu zake, Georges na Jeanne.